Nta Hainuswi Kwenye Kelele

Juzi mjukuu wangu Neema alinikuta jikoni nimeinamia sufuria ya maziwa. Kabla sijanusa nilimwomba azime redio. Alizima, nikanusa, nikamwambia maziwa yameanza kugeuka, asiyatie kwenye chai ya wageni. Akaangua kicheko. "Babu, kwani unanusa kwa masikio?" Nikamjibu kwamba kwa kiasi fulani ndiyo, na kama ana nafasi akae nimweleze. Hakuwa na nafasi. Basi nawaandikia ninyi wengine, wajukuu zangu na vijana wowote mnaotegemea pua na ulimi katika kazi zenu, huenda mkapata dakika chache.

Mimi nilikuwa mnusaji wa nta. Msicheke. Enzi za Mwingereza nta ya Unyamwezi ilikuwa mali. Watu wa porini, kuanzia Sikonge na kuendelea, walirina asali kwenye mizinga ya magome, nyingine wakaila na nyingine wakaifanya pombe. Masega waliyachemsha, wakayakamua, wakaleta nta Tabora mjini ikiwa madonge ya manjano, kila donge na umbo la chombo lililogandia. Kazi yetu ilikuwa kuyapokea, kuyapanga kwa daraja na kuyakataa yaliyochanganywa, kabla hayajapakiwa kwenye garimoshi kwenda Dar es Salaam na kutoka huko kupanda meli. Nilianza kazi hiyo sina mvi hata moja, nikaiacha sina nywele za kuotea mvi.

Ghala letu lilikuwa karibu na stesheni. Mwenyewe alikuwa Bwana Nathu, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Tabora, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu mimi niliyetoka Bukene. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sudi, mtu wa mtaa wa Ng'ambo palepale mjini, mjukuu wa mtu aliyeingia Tabora na misafara ya pembe akaona hana sababu ya kuondoka. Alikuwa mfupi, mkali na msafi. Kanzu yake haikuwa na doa la nta hata moja, wakati shati langu mimi liliweza kusimama lenyewe nikilivua. Mpaka leo sijui alifanyaje.

Ngoja niwape kazi yenyewe kwanza, maana hakuna tena anayeniuliza. Wauzaji wengine walikuwa wanatia shahamu, yaani mafuta ya mbuzi au ng'ombe, kwenye nta ingali moto ili iongeze uzito. Ukikwaruza kwa ukucha, nta safi hutoka vipande vikavu. Yenye shahamu hupakaa kama sabuni. Ukitafuna, nta safi huvunjikavunjika mdomoni; yenye shahamu hung'ang'ania meno. Lakini njia hizo humnasa mwizi mlafi tu. Yule mwenye kiasi, anayetia kidogo na kuchanganya vizuri, humpati kwa ukucha wala kwa jino. Huyo anataka pua. Unavunja kipande, unakipasha moto kwa viganja, unakipumulia mara moja, halafu unanusa taratibu. Kwanza inakuja asali. Inafuata moshi kidogo. Halafu maua ya porini, kama msimu ulikuwa mzuri. Nyuma kabisa ya hayo yote, kama yupo, ndipo anapokuja mbuzi, na huja kwa aibu sana.

Mzee Sudi alikuwa na masharti. Usile kitunguu kibichi asubuhi. Usinuse ugoro. Usijipake marashi, hata kama jana kulikuwa na harusi. Ukishanusa madonge kadhaa, kunja mkono unuse ngozi yako mwenyewe kwenye kiwiko kwa ndani, pua itulie, ndipo uendelee. Hilo la kiwiko lilinichekesha siku ya kwanza, siku ya pili nikaona linafaa, na bado nalitumia sokoni nikichagua samaki.

Sharti kubwa lakini lilikuwa kimya. Mzee Sudi akishika donge, ghala zima lilinyamaza. Aliyekuwa anagongelea misumari kwenye masanduku aliweka nyundo chini. Wapagazi walisimama na mizigo yao mabegani. Siku moja kuku wa jirani alitaga nyuma ya ghala akawa anajitangaza, Mzee akamngoja mpaka akamaliza, donge likiwa mkononi.

Warina asali walikuwa na desturi ya kuingia mjini kwa wimbo. Wamekaa kambini porini majuma mengi, wamerudi na mzigo, lazima mji ujue. Wanakuja kwa mstari, mbele mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, njuga miguuni, wanawake wa sokoni wanapiga vigelegele. Sisi sote tulitoka kutazama. Mzee Sudi alikuwa anawapokea vizuri kabisa, "Karibuni, poleni na safari," anawapa maji, kisha anawaambia, "Imbeni mmalize kabisa. Nina siku nzima." Na kweli hakugusa donge hata moja mpaka njuga ya mwisho ivuliwe. Wenyewe walidhani anapenda nyimbo.

Kuna Mzungu mmoja pia, bwana wa serikali wa mambo ya nyuki, aliyekuja kukagua. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi huku anatazama. Mzee Sudi akaweka donge mezani, akanitazama mimi niliyesoma kwa wamisheni. "Mwambie bwana mkubwa, akipiga mluzi sinusi." Nilitokwa jasho. Kiingereza changu chenyewe kilikuwa cha kuomba maji. Nikamwambia lolote nililoweza, nikaweka na kidole mdomoni. Mzungu akawa mwekundu, halafu akavua kofia. Tangu siku ile kila akija ghalani kwetu alikuwa akitembea kwa ncha za viatu, na sisi tukitazama chini ili tusicheke.

Mimi nilidhani yote hayo ni maringo ya kizee. Nilijiambia: pua ni pua, sikio ni sikio, na mtu akitaka kujikuza atajitafutia desturi. Nilikuwa nimeoa, nina mtoto wa kwanza ambaye hajaanza hata kukaa, na nilijiona najua kila kitu.

Ndipo Bwana Nathu alipoleta mashine ya kusaga. Aliifunga kwenye kibanda kilichopakana na ghala, ukuta mmoja. Wanawake walikuja hata kutoka mtaa wa Isevya na mahindi yao kichwani, wakafurahi, maana kutwanga si mchezo. Lakini injini ile ilikuwa ikiwaka, kikombe cha chai mezani kinatembea chenyewe. Ilianza saa tatu asubuhi na haikunyamaza mpaka alasiri.

Mzee Sudi akamwendea Bwana Nathu, akamwomba mashine ipumzike wakati wa kunusa. Bwana Nathu akacheka, si kwa ubaya. "Mzee wangu, injini haitoi harufu ya mbuzi." Mzee hakubishana. Alianza kuja saa kumi na mbili, ananusa mpaka saa tatu, na injini ikiwaka tu anaacha na kwenda kupanga madonge kwa rangi. Mzigo ukaanza kulundikana. Nta ya mchana ikawa inakaa bila kunuswa, wauzaji wananung'unika.

Nikajitolea. Nilimwambia Bwana Nathu kwamba mimi naweza kunusa mchana, kelele hazinisumbui. Alifurahi sana. Mzee Sudi alinitazama tu, akasema, "Lukasi, usipokuwa na hakika, weka pembeni mpaka asubuhi." Nikamwitikia ndiyo mzee, na sikuweka pembeni hata donge moja. Nilinusa mchana kutwa, injini ikinguruma, na kila donge nililiona zuri. Nilijisifu nyumbani. Mke wangu Marta alisema basi nyuki wa mwaka huu wameokoka.

Baada ya miezi michache barua ikatoka Dar es Salaam na madonge matano yakarudishwa. Yalikuwa na shahamu. Waliyayeyusha huko kwa dawa zao, wakaikuta. Bwana Nathu aliyapanga mezani, akatuita. Niliyageuza moja moja. Kila donge lilikuwa na kibonyeo kimoja chini, na kibonyeo kile nilikijua. Kilitoka kwenye sufuria la Maganga.

Maganga alikuwa muuzaji wa upande wa Sikonge, mtu wa maneno matamu, anayekusalimu mpaka anaulizia hali ya mbuzi wako. Na muda mfupi tu baada ya mashine kufungwa, Maganga aliacha kabisa kuja asubuhi. Alikuja mchana. Madonge yale niliyapokea mimi.

Bwana Nathu hakujua habari ya kibonyeo. Alijua tu kwamba mkuu wa wanusaji ni Mzee Sudi. "Mzee wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, "pua nayo huzeeka. Umenifanyia kazi tangu marehemu baba. Mwezi ukiisha upumzike. Lukasi atashika nafasi yako."

Mzee Sudi aligeuza donge moja, akalirudisha mezani. Akasema, "Ghala la nta ni langu. Kosa ni langu." Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Na mimi nikanyamaza.

Nawaeleza hivi bila kujipamba. Nilinyamaza siku ile, na ya pili, na ya tatu. Nilijiambia nina mtoto mchanga. Nilijiambia Mzee amechoka, atafurahi kukaa barazani na wenzake. Kumbe Mzee Sudi hakuwa na kitu kingine duniani. Mkewe alishafariki, mabinti wameolewa mbali, na heshima yake yote mjini ilikuwa ile pua. Watu walianza kuambiana msikitini na sokoni kwamba Sudi kapoteza pua, Sudi kapitisha mbuzi. Nilimwona anakunja mkeka wake wa kuswalia uliokuwa ghalani miaka mingi, anauweka kwenye kikapu, na nikageuka kutazama ukutani.

Siku ya sita nilirudi nyumbani mapema. Marta alikuwa ameinjika maharage uani, hatua nne kutoka mlangoni. Mtoto alikuwa anaota jino, akalia. Si kulia kwa kawaida, kulia kwa kukata pumzi. Marta akambeba, nikambeba, tukambembeleza kwa zamu, nikamwimbia wimbo wa kanisani, akazidi. Mwishowe akapitiwa na usingizi ghafla, kama taa iliyozimwa. Kukawa kimya. Na papo hapo sote wawili tukainua vichwa. Harufu ya maharage kuungua ilikuwa imejaa chumba kizima. Tulipokimbilia uani, ndani ya chungu mlikuwa makaa matupu.

Marta akasema, "Hayakuungua sasa hivi haya. Yameungua zamani. Mbona hatukusikia harufu?"

Kumbukeni Kiswahili kinasema hivyo, kusikia harufu, na sijui kwa nini sikuwahi kulitia maanani. Lakini si neno lililonishtua. Kilichonishtua ni kwamba hapakuwa na injini pale, wala moshi wa dizeli. Palikuwa na mtoto analia tu, na watu wazima wawili wenye pua nzima wakapoteza chungu cha maharage. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia Marta habari yote ya Maganga, kibonyeo na barua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kesho utaenda kusema, au niende mimi?"

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bwana Nathu hajamaliza chai. Nikamwambia pua ya Mzee Sudi haina ugonjwa, ni kelele zinazofunika harufu ndogo. Akasema ni moshi wa injini. Nikamwambia bomba la moshi linatazama stesheni na upepo unakwenda hukohuko, lakini kama hataki kuniamini tujaribu bila injini. Bwana Nathu alikuwa mtu wa kujivunia pua yake kwenye majani ya chai. Alikuwa anasema akiwa amefumba macho atakwambia gunia limepita bandari gani. Hapo ndipo nilipomshikia. Nikamwambia, "Bwana, basi unuse wewe mwenyewe."

Tukaenda ghalani saa moja na nusu. Mzee Sudi alikuwa tayari mezani kwake, hakuuliza kitu. Nilivunja vipande vitatu sawasawa, viwili vya nta safi na kimoja cha donge lililorudishwa. Nikawaweka wapagazi wawili nyuma ya Bwana Nathu, kila mmoja na debe tupu na kipande cha ubao. Nikawaambia wapige. Jamani, walipiga. Mtu aliyezoea kukatazwa kelele miaka yote, siku akiruhusiwa huweka moyo wake wote. Bwana Nathu alifumba macho, akanusa, akapangapanga, akachagua kimoja kwa uhakika kabisa. Kilikuwa nta safi. Nikavichanganya, wakapiga tena, akachagua kingine. Nacho kilikuwa safi. Akaanza kukasirika. Mara ya tatu alisema vyote vitatu ni sawa, kwamba nimemfanyia mchezo.

Nikawaambia wapagazi waache.

Bwana Nathu alisubiri masikio yatulie. Alikinusa cha kwanza, akakiweka. Alikinusa cha pili, uso ukamkunjamana kabla hajakitoa puani. "Mbuzi," alisema. Kisha, polepole, "Alikuwa hapa wakati wote?"

Msinielewe vibaya. Kelele haiui pua. Kitu kinachonuka kweli utakisikia hata pembeni ya garimoshi. Lakini harufu iliyojificha nyuma ya nyingine inataka mtu akae nayo, na mtu mwenye kelele kichwani hana nafasi ya kukaa. Hivyo ndivyo ninavyoelewa mimi. Wenye elimu watawaeleza vizuri zaidi.

Bwana Nathu alimgeukia Mzee Sudi, akamwomba radhi mbele ya wapagazi, akasema mashine haitawaka kabla ya saa nne tena. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kushusha pumzi. Ndipo akauliza, "Lakini Mzee hakuwa ananusa mchana, kila mtu anajua. Hii basi ilipita kwa nani?"

Mzee Sudi hakunitazama. Alikuwa anakusanya vile vipande vya nta kwa vidole. Kulikuwa kimya kweli.

"Kwangu," nikasema. "Madonge yote matano. Niliyajua siku ileile yaliporudi."

Bwana Nathu alinigeukia. "Juma zima ulikuwa unamtazama mzee wa watu anafunga vitu vyake?"

"Ndiyo, bwana."

Hakunifukuza. Alinitoa kwenye meza ya kunusa, akanipeleka stesheni kupakia magunia msimu mzima, kwa jua lile mnalolijua. Maganga naye alifungiwa mlango. Miaka mingi baadaye nilikutana naye, akaniambia akicheka kwamba hakuwa ametunga ujanja wowote. Siku moja asubuhi Mzee Sudi alimkatalia donge, yeye Maganga akaenda kumsagia mkewe mahindi mle mashineni, akaamua kujaribu tena kabla ya kurudi kwao, na mimi nikalipokea. Tangu hapo akajua saa ya kuja. Nilitaka kukasirika nikashindwa.

Alasiri ya siku ile ya madebe nilikwenda Ng'ambo kwa Mzee Sudi. Nilimkuta barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha pa kukaa. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakagongana.

"Nilikijua kibonyeo," alinikatiza. "Nilikijua kabla yako."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini alikubali kuitwa mzee asiye na pua mji mzima.

"Ningesema mimi, ungefukuzwa, na una mtoto mchanga. Nilitaka useme wewe." Akaikung'uta kanzu yake. "Ulinichosha lakini, Lukasi. Siku ya tano nilidhani husemi."

Nililia pale barazani kwa watu, mwanamume mwenye ndevu. Aliniacha nimalize, kama alivyokuwa akiwaacha warina asali wamalize wimbo, kisha akaingia ndani akarudi na kopo la maji na kitambaa.

"Huko stesheni mnapumzika saa tatu," alisema. "Mashine itakuwa bado imezimwa. Nawa mikono, uje unuse."

Nilikwenda kila siku, msimu mzima.